Vitabu vipya vya kumsomea mamangu kwa sauti, nisaidieni majina

Bint Kisauni

Assalam aleikum jamani. Naomba msaada wa vitabu. Mamangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi zaidi ya miaka 30 na maisha yake yote ni kusoma, magazeti, riwaya, vitabu vya dini, hata karatasi iliyofungiwa njugu alikuwa aikunjua aisome kabla ya kuitupa. Sasa macho yote mawili yameingia mtoto wa jicho, angojea operesheni na tarehe yasongezwa kila tukienda, kwa hivo tangu Ramadhani iishe mimi ndo namsomea. Baada ya alasiri twatandika mkeka barazani nasoma mpaka nisikie magharibi yakaribia. Amekuwa hawezi kulala vizuri siku ambayo sikusoma.

Shida yangu ni kuwa tulivo navo nyumbani vimekwisha. Vile vyake vya zamani tumevirudia mara mbili, na juzi akaniuliza, "Kwani siku hizi hakuna watu waandikao?" Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe tangu nimalize fomu foo sijashika riwaya ya Kiswahili nyengine. Nikaenda duka moja la vitabu hapa mjini nikauliza riwaya mpya, kijana akanionyesha shelfu nzima ya vitabu vya marudio ya KCSE, mtihani wa fomu foo, na miongozo, nikamwambia sitaki mwongozo nataka kitabu chenyewe, akasema hicho kimeisha.

Nataka vya miaka hii ya karibuni, hadithi na pia vya kweli, historia, maisha ya watu. Kiingereza naweza nikasoma nikitafsiri hapo hapo lakini Kiswahili kikipatikana bora zaidi. Na la muhimu kabisa kiwe chasomeka kwa sauti. Shukran.

Muuza Vitabu Kibokoni

Wa aleikum salaam dadangu, Allah amjaalie mama shifaa. Mimi nauza vitabu huku Mji wa Kale mwaka wa 19 sasa na swali lako limenikaa moyoni toka jana usiku, manake wengi wanaokuja huniuliza kitabu kizuri ni kipi, wewe umeuliza kipi chasomeka kwa sauti na hilo ni swali jengine kabisa. Viko vitabu vizuri mno ambavyo ukivisoma kimya vyakuteka, ukivitoa mdomoni vyafa. Mimi kabla sijakiweka kitabu mbele ya meza hukisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, mke wangu na jirani mwenye duka la kanzu ndio wanaonisikiliza, na kikiwapita bila wao kuinua kichwa nakirudisha nyuma.

Anza na Peponi. Hii ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Unguja aliyepata Nobel ya fasihi 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994, na ndiyo ya kwanza katika riwaya zake kutiwa Kiswahili, mfasiri ni Dkt. Ida Hadjivayanis anayefundisha chuo kikuu cha SOAS kule London, wachapishaji ni Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Ni kisa cha mtoto wa miaka 12, Yusuf, ambaye babake amkabidhi kwa tajiri Aziz akae dukani kwake. Mtoto adhani anakwenda kwa ami yake. Akifika pale kuna kijana mwengine, Khalil, ndiye anayemfumbua macho kwamba huyu si ami yako, wewe uko hapa kwa sababu ya deni. Yaani mtoto ni rehani. Halafu kuna safari ya msafara kwenda bara, Wajerumani nao ndio waingia, na kuna bustani yenye ukuta ambayo Yusuf haimtoki moyoni. Kwa mamako ambaye bila shaka ajua kisa cha Nabii Yusuf mstari kwa mstari, kuna mahali kanzu itamkumbusha kitu, sitasema zaidi, we msomee tu umwangalie uso.

Kwa nini nasema Peponi kwanza? Manake kile kitabu kwa Kiingereza nilikuwa nakiuza kwa wageni, na nikikisoma nilikuwa nasikia Kiswahili chini yake, wale watu wanazungumza kama watu wa pwani lakini wamevalishwa nguo ya mtu mwengine. Ilipokuja tafsiri nikaisoma kwa sauti dukani na jirani yangu wa kanzu akaacha kupiga pasi. Nilimpa nakala siku hiyo hiyo.

Cha pili, Mungu Hakopeshwi cha Zainab Alwi Baharoon. Huyu ni mwandishi wa Zanzibar na mswada wake ulishinda ile tuzo ya Cornell ya fasihi ya Kiswahili, ilianzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na sasa yaitwa Safal-Cornell. Ni habari ya nyumba inayotawaliwa na baba kwa mabavu. Maneno ya mle ndani ni ya wanawake wa kwetu wakizungumza jikoni, sio Kiswahili cha kuandikiwa insha. Hii msome polepole, msimalize kwa siku mbili.

Cha tatu ni cha Mombasa yenyewe, kiko kwa Kiingereza lakini nakuomba usikiache. The House of Rust cha Khadija Abdalla Bajaber, binti wa hapa hapa, kizazi cha Kihadhrami, wale wa asili ya Hadhramaut, Yemen. Kilitoka 2021 na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Ursula K. Le Guin, cha kwanza kabisa kuipata. Msichana Aisha, babake mvuvi amekwenda baharini hakurudi, basi yeye aingia chombo cha mifupa pamoja na paka asemaye kwenda kumtafuta, na huko baharini akutana na madubwana matatu. Nyanyake aitwa Hababa. Wewe wa Kisauni ukilitamka hilo neno tu mamako atajua yuko nyumba gani. Ukitafsiri usijisumbue na ule Kiingereza chake kizito, wasimulie kama ngano, paukwa pakawa, kile kitabu kimetoka kwenye mdomo wa nyanya wa mtu na kitarudi huko kwa raha.

Sasa vya kweli. Hapa nitasema ukweli, Kiswahili kimepungukiwa sana, watu wetu waandika hadithi na mashairi lakini maisha yao wenyewe wayaacha yaende nao kaburini, jambo hili laniuma miaka yote. Vilivyopo ni vichache, lakini vizuri. Mbali na Nyumbani cha Adam Shafi, hiki cha 2013, asimulia alivyotoka Unguja kijana akitafuta njia ya kwenda Ulaya kwa nchi kavu, Sudan, Misri, njaa na marafiki wa njiani. Mwandishi ni yule yule wa Vuta N'kuvute kwa hivo ulimi wake mamako aujua. Na cha marehemu Ken Walibora, Nasikia Sauti ya Mama, kabla hajafariki 2020 alikuwa ameshaandika maisha yake. Hicho kina majonzi, chagua siku.

Kuhusu bei nisikufiche, vya Dar vyaja kwa basi kupitia Horohoro na Lunga Lunga, na huku kwetu vitabu vyatozwa kodi ya VAT asilimia 16 tangu 2013, kwa hivo vikifika mezani vimepanda. Lakini tafadhali usinunue kopi za wizi. Achana na habari ya mwandishi kunyimwa haki yake, ambayo peke yake yatosha, lakini wewe wasoma kwa sauti. Kopi hizo hurukwa kurasa, waeza kukuta kurasa 16 mzima hazipo katikati, mama amekaa angojea na wewe hujui kilichotokea. Popote utakaponunua, hesabu kurasa kwanza, hata kwangu.

Mtu wa Siyu

Naongeza kimoja. The Dragonfly Sea cha Yvonne Adhiambo Owuor, 2019. Sisi watu wa kisiwa cha Pate tulikuwa hatujaandikwa hivo. Ni msichana Ayaana na mamake Munira, na mzee baharia Muhidin ambaye msichana amchagua mwenyewe awe babake. Baadaye apelekwa Uchina kwa sababu wasema ni kizazi cha mabaharia wa Zheng He, yule amiri wa Kichina, wale waliopita pwani yetu karne ya 15. Na hii sio ndoto ya mwandishi, 2005 kuna msichana wa visiwani kwetu kweli alipelekwa kusoma Uchina kwa habari hiyo hiyo, huku kwetu kila mtu ajua. Nilikisoma feri ya Likoni asubuhi na jioni wiki tano nikiwa nimesimama, na siku moja nikapitiliza nikarudishwa upande wa pili na ile ile feri.

Muuza Vitabu Kibokoni

@Mtu wa Siyu kitabu nakipenda sana na nakiuza kila mwezi, ila kwa kazi ya huyu dada nilikiacha makusudi. Ni kikubwa, karibu kurasa 500, na sentensi zake zakatika katika, neno moja, nukta, neno moja, nukta. Machoni ni nzuri kama mawimbi. Mdomoni na huku watafsiri utachoka kurasa ya tatu. Hicho dada asome mwenyewe usiku mama akilala.

Chuda

Mimi nitakwenda kinyume kidogo na ndugu muuza vitabu kuhusu House of Rust. Nusu ya kwanza, ile ya baharini, sijaona mfano wake. Lakini msichana akisharudi nchi kavu mwendo wapungua sana, mazungumzo marefu, kunguru, mambo ya posa, nilikiweka chini miezi miwili. Kwa mgonjwa anayengojea saa yake ya jioni waeza kumkatisha tamaa.

Muuza Vitabu Kibokoni

Ndugu Chuda nimekusikia na wateja wengine wameniambia hivo hivo. Lakini hebu fikiria tena hiyo nusu ya pili. Msichana amekwenda mpaka mwisho wa bahari, ameona aliyoyaona, arudi nyumbani akuta watu wapanga aolewe na nani. Mwendo wapungua manake yeye mwenyewe amebanwa, nyumba imekuwa ndogo. Wanaume wengi wakifika hapo wakiweka kitabu chini, wanawake wakifika hapo ndo wanipigia simu usiku. Nimeona hivo mara nyingi, na mama wa makamo ya huyu nadhani hiyo nusu ndo itakayomzungumzisha. Na kunguru wa Mombasa nani asiyewajua, mwandishi kuwapa akili na ulimi ni haki yao.

Mwl wa Tudor

Habari zenu. Nafundisha Kiswahili sekondari na nataka kutetea vitabu teule, vile vya kutahiniwa shuleni, kidogo, manake naona vyakimbiwa kama dawa ya malaria. Chozi la Heri cha Assumpta Matei na Nguu za Jadi cha Clara Momanyi vilivyokuja baadaye, vyote ni riwaya za watu wazima, za ardhi, ukabila, familia zilizovunjika. Kilichoviharibu ni sisi tulivyowafundisha watoto kutafuta dhamira na maudhui kabla hawajajua nani kafa. Dadangu kisome sasa bila kalamu mkononi, hutaulizwa chochote. Na mamako ni mwalimu, atakuwa na mengi ya kusema, atakukatiza kila ukurasa.

Bint Kisauni

@Mwl wa Tudor umesema kweli, mimi Chozi la Heri nilikariri wahusika na sifa zao sita sita na mpaka leo siwezi kukuambia kile kitabu kilinifanya nihisi nini. Nitajaribu. Lakini upande wa vya kweli hakuna kitu cha historia ya hapa Mombasa? Mama apenda sana habari za masheikh wa zamani na vile mji ulivokuwa.

Muuza Vitabu Kibokoni

Dadangu umenifungulia mlango nilioogopa kuufungua kwa sababu ya bei.

Kuna Uwongozi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mpaka alipofariki 1947, babake Profesa Ali Mazrui. Miaka ya 1930 alikuwa atoa gazeti hapa Mombasa, Al-Islah, na mle alikuwa akiandika makala kwa Kiswahili kuwaambia watu wa pwani ukweli wao, elimu, israfu katika harusi, kuiga wageni, uvivu, wanawake kusomeshwa. Baadaye zikakusanywa zikawa kitabu kidogo cha Uwongozi ambacho nyumba nyingi za hapa kilikuwapo. 2017 Kai Kresse na Hassan Mwakimako wakakitoa upya, Kiswahili na Kiingereza pamoja na maelezo ya kila kitu. Mchapishaji ni wa Uholanzi na bei ni ya kuuzia vyuo vikuu, sio watu. Nakala yangu siuzi. Lakini mtu akija aketi hapa dukani asome bure, na hata wewe ukitaka kuja na simu upige picha makala mbili tatu za kumsomea mama, karibu.

Nakwambia hicho ndo kitabu cha kweli bora kwa baraza lenu kuliko vyote nilivyotaja. Makala ni fupi fupi, moja yatosha jioni moja. Zimeandikwa zisomwe hivo hivo, mmoja mwenye macho awasomee wengine waliokaa, manake wakati ule gazeti moja lilikuwa lasomwa na mtaa mzima. Na ugomvi uliomo ndani haujaisha. Msomee ile habari ya harusi halafu nyamaza, usiseme neno, msikilize atakavyoanza kutaja majina ya watu wa mtaa wenu.

Kwa mji wenyewe, majumba, milango, kuna Swahili Port Cities cha Prita Meier, 2016, chazungumzia nyumba za mawe za Mombasa, Lamu na Zanzibar, kwa nini watu wetu walijenga vile na kumaanisha nini. Kizuri ila picha ni nusu ya kitabu, kwa asiyeona vizuri subiri operesheni.

Na hichi si kipya, kina zaidi ya miaka 50, lakini nakuongezea kutoka moyoni. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla wa hapa Mombasa, mashairi aliyoyaandika jela 1969 mpaka 1972, kwa makaratasi ya msalani. Mna shairi la watu wawili, Alii na Badi, wagombania mnazi. Mtu mmoja asoma huyu, mwengine asoma yule. Mama hahitaji macho, wewe msomee beti zake mara mbili tatu, atazishika.

Wa Mkunazini

Salamu toka Unguja. Mimi nimekisoma Peponi kwa lugha zote mbili na naunga mkono, ila dada ajue Kiswahili cha mle ni cha kwetu zaidi, kuna maneno mamako wa Mvita atasema "sisi hatusemi hivo". Muache aseme. Na Gurnah ametoa riwaya nyengine 2025, Theft, ya vijana watatu, Karim, Fauzia na Badar, huyu Badar ni mtumishi wa nyumba anayesingiziwa wizi. Iko kwa Kiingereza chepesi, yatafsirika mdomoni bila tabu. Mkimaliza Peponi muisome hiyo, kuna mtoto mwengine tena katika nyumba ya watu, utaona mwandishi ameirudia picha ile ile baada ya miaka 30 lakini dunia imebadilika.

Bint Kisauni

Assalam aleikum tena, nimechelewa kurudi, siku 11. Nilikwenda Kibokoni nikachukua Peponi na Sauti ya Dhiki, kurasa tulihesabu pamoja na ndugu muuza vitabu zote zilikuwapo, na makala nne za Uwongozi nimepiga picha. Shukran sana kwa kile kiti na chai.

Sasa niwape habari. Peponi tuko katikati. Siku ya kwanza tu, Yusuf ndo kwanza apandishwa gari la moshi na yule tajiri, mama akaniambia "simama." Nikasimama. Akasema, "Huyo mtoto kauzwa." Nikamwambia kitabu hakijasema, akasema, "Babake hakumuangalia machoni, sikiliza vizuri usome tena." Nikarudi nikasoma tena na nikasikia kitu ambacho mara ya kwanza kilinipita kabisa. Tangu siku hiyo nasoma polepole zaidi. Majirani wawili sasa waja na mikeka yao, na mtoto wa dadangu wa darasa la tano ambaye hakai kwa kitu chochote huwa nyuma ya mlango asikiliza akidhani simuoni.

Ile ya harusi niliisoma juzi. Ndugu ulisema ninyamaze, sikuhitaji kunyamaza, sikupata nafasi ya kusema. Walizungumza mpaka tukakaribia kuchelewa magharibi, na mama mmoja akalia, akakumbuka mkopo waliochukua kwa harusi ya mwanawe wa kwanza na nyumba ikauzwa. Nilikuwa sijui habari hiyo na nimekaa naye mtaa mmoja maisha yangu yote.

Lakini lile la mnazi ndo lililonifanya niandike leo. Nilianza kumsomea Alii, nikafika ubeti wa tatu, mama akaendelea yeye. Mwenyewe. Alikuwa alijua tangu chuo cha ualimu na hakuna hata siku moja aliwahi kutuambia. Akanikemea nasoma kama mtangazaji, "Soma kama unavyozungumza na nyanyako, hilo shairi la Kimvita." Tukalirudia mimi Badi yeye Alii, amefumba macho, kidole chapiga mkekani.

Operesheni wamesema sasa ni mwezi ujao, tuombeeni. Na ndugu wa Kibokoni, Mungu Hakopeshwi iko? Nimeulizwa na wale majirani, wataka wajue sasa kabla Peponi haijaisha.

Muuza Vitabu Kibokoni

Iko moja, nimeiweka kando kwa jina lako. Njoo Ijumaa kabla ya adhuhuri, baada ya hapo nafunga. Na umwambie mama nataka kuja kumsikia Alii.